Kizingiti cha Mzee Bukuru

Kwa miaka miwili mizima niliamini, kama ninavyoamini kwamba mimi ni mtoto wa mama yangu, kuwa Bwana Nyumba wa Kasulu alikuwa analamba kuta za watu.

Habari hii nilipewa na dereva wa lori la vifaa, mtu mzima mwenye mvi zake, aliyeapa mbele yangu na mbele ya karani wa masijala. Alisema huyo Bwana Nyumba, jina lake Zabroni, akifika kwenye nyumba inayotaka kutengenezwa hasalimii mtu. Anauendea ukuta, anautolea ulimi, anafumba macho, halafu anatamka: "Nyumba hii imebakiza masika mawili." Ukuta ukiwa mchungu, mchwa wameshaingia kwenye miti. Ukiwa na chumvi, maji yanapanda kutoka chini. Ukiwa mtamu, ndani kuna mjamzito. Nilimuuliza dereva kama ameona kwa macho yake. Akasema yeye hakuona, lakini aliyemwambia aliona, na aliyemwambia ni mlokole. Nikaridhika.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mtacheka. Chekeni tu, lakini kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa, maana miaka ile ya sabini mwanzoni hakuna aliyetufundisha. Halmashauri ya wilaya ilikuwa inawasaidia watu wasiojiweza kutengeneza nyumba zao wenyewe: wajane, wazee, vilema. Sisi tulitoa mabati, sementi, misumari, milango na fundi. Mwenye nyumba alitoa matofali, mchanga, mawe na nguvu za majirani. Kwa kuwa aliyeshughulika na mashamba aliitwa Bwana Shamba na aliyekagua vyoo aliitwa Bwana Afya, mimi wa Kibondo nikaitwa Bwana Nyumba, na mwenzangu wa Kasulu hivyohivyo.

Nilianza kama tarishi. Jioni nilikwenda kwenye masomo ya watu wazima, katika darasa la watoto, tumekaa kwenye madawati ya watoto na magoti yakigusa masikio. Nilifaulu nikiwa wa kwanza katika wilaya nzima. Darasa letu lilikuwa na watu wanne, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Bosi wangu alipoona cheti akanikabidhi tepu ya kupimia, timazi, pima maji na baiskeli yenye kengele nzuri sana isiyokuwa na breki.

Siku ya kwanza kabisa nilimpimia bibi mmoja mlango. Nikaandika urefu mahali pa upana. Mlango ulipoletwa ulikuwa mpana kama wa zizi na mfupi kama wa banda la kuku. Fundi wetu Melkiori, mzee aliyevuka kutoka ng'ambo ya mpaka zamani akaoa hapahapa, aliuangalia mlango ule kwa muda mrefu, kisha akaukata vipande viwili, akamtengenezea bibi madirisha. Hakunisema. Baadaye tu, tukila mihogo, aliniuliza, "Leonsi, pale shuleni mlikaa upande gani wa ubao?"

Melkiori ndiye aliyenifundisha kila nilichokijua. Alinifundisha kugonga tofali mbili zilizochomwa na kusikiliza: zikilia kama sahani, jenga, zikilia kama boga, rudisha tanurini. Alinifundisha kutazama bati kwa kulinyanyua juani na kujifunika nalo kichwa, maana tundu la msumari haliwezi kujificha likiwa kati yako na jua. Timazi alinifundisha kwa wiki nzima. Nikaipenda timazi kuliko kitu chochote. Ningeweza kusema kwa kutazama tu kwamba ukuta umeinama upana wa kidole, na kwa kweli hata leo siwezi kukaa kanisani bila kuukagua ukuta wa mbele.

Sasa niseme la moyoni, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunihamisha. Nilikuwa na wivu na Zabroni. Sisemi wivu wa kuguna kidogo na kupita. Nasema wivu wa kukosa hamu ya ugali.

Anza na lori. Lori la vifaa lilitoka Kigoma mjini, likapita Kasulu kwanza, likaja Kibondo mwisho. Mabati yaliyonyooka yakabaki kwake. Mimi nikaletewa yaliyokunjamana kana kwamba yalilaliwa na tembo na mtoto wake. Baiskeli yake ilikuwa na breki, tena mbili. Watu wa Kasulu walimpa ndizi, asali, na majina ya watoto wao wachanga; kulikuwa na vichanga vitatu vinaitwa Zabroni katika kijiji kimoja. Mimi kule Kibondo jina langu alipewa mbuzi mmoja, tena dume mkorofi.

Kila baada ya miezi mitatu maofisa wa wilaya zote mbili walikutana Kasulu kusikiliza taarifa. Taarifa yangu ilikuwa na kurasa kumi na mbili, vipimo hadi nusu inchi. Ya Zabroni ilikuwa ukurasa mmoja, na maandishi makubwa. Mwenyekiti akimaliza kuisikiliza anauliza, "Malalamiko baada ya mvua?" Zabroni anajibu, "Hakuna, ndugu mwenyekiti." Kisha mwenyekiti ananigeukia mimi, anavua miwani, anaikunja, anaiweka mezani kama mtu anayejiandaa kupokea habari za msiba.

Maana malalamiko yangu yalikuwepo. Nilinyoosha kuta zikanyooka, nikaezeka paa zikang'aa, na bado mvua ikinyesha watu wanakuja ofisini wamelowa. Zabroni, ambaye inasemekana hata timazi hakubeba, hakupata mtu hata mmoja. Na alikuwa mpole! Hilo ndilo lililoniua. Angekuwa na majivuno ningepata pa kupumzikia.

Ndiyo maana niliposikia habari ya ulimi, moyo wangu ulitulia. Kumbe ana kipaji! Nikasema, kipaji kinajifunzwa, kwani kusoma sikujifunza nikiwa na ndevu?

Nilianzia Kumsenga. Nyumba ya kwanza nilizunguka nyuma, nikatazama huku na huku, nikaulamba ukuta. Haikunipitia akilini kwamba watu wa nyumba ile walikuwa wameusiliba kwa samadi ya ng'ombe wiki ileile. Ulimi ulijua kabla yangu. Nyumba ya pili nilinusa kwanza, nikalamba, nikafumba macho kungoja habari. Habari ikaja kwa sauti ya bibi kizee aliyekuwa nyuma yangu na jembe begani.

"Yewe, Bwana Nyumba! Ya miezi mingapi?"

"Miezi gani, bibi?"

"Mimba."

Mnajua mambo ya wajawazito na udongo wa ukutani. Kabla sijafika barabarani habari ilikuwa imeshanitangulia. Wanawake watatu walinisimamisha, mmoja akanipa donge la kichuguu alilolifunga kwenye jani la mgomba. "Kula hiki, baba," alisema kwa huruma kabisa, "kile cha ukutani kina moshi." Nililiweka mfukoni. Sikukata tamaa. Niliendelea kulamba kwa siri mwaka mzima, na kwa uaminifu wote naandika hapa kwamba kuta zote za Kibondo zina ladha moja.

Sasa nifike Kitahana, kwenye kesi ambayo sijawahi kuisimulia mbele ya watu.

Huko aliishi Mzee Bukuru na mkewe, Mama Modesta. Mzee alikuwa mfuga nyuki. Siku moja akiwa anatundika mzinga, tawi lilikatika, akaanguka nalo. Tangu siku hiyo miguu haikumsikia. Alitembea kwa kukaa juu ya ubao wenye magurudumu manne ya mti, akijisukuma kwa mikono. Nyumba yao ilikuwa chini ya barabara, kwenye mteremko, na mlangoni ilikuwa na kizingiti cha udongo mgumu, kimo cha goti. Ubao haukuweza kukivuka. Kila mara Mzee alipotaka kwenda chooni, Mama Modesta alimbeba mgongoni, akamvusha, akarudi kuchukua ubao. Mara nne, mara tano kwa siku. Naye hakuwa msichana.

Nilipofika, kiangazi kikiwa kikali, nilimkuta mdogo wake Mzee, Yeremia, amekuja kutoka Nyakitonto. Tuliketi uani, wanaume watatu, Mzee kwenye ubao wake. Mama Modesta alileta pombe ya ndizi akapiga goti, akaondoka.

Yeremia hakuzunguka. "Bwana Nyumba, mimi nimekuja kumchukua kaka. Shemeji mgongo umeisha. Siku atakapomwangusha watakufa wote wawili. Nasubiri mpaka mvua zianze, nyumba hii ikiwa bado hivi, anakwenda kwangu."

"Na mama?"

"Shemeji ana mashamba yake hapa. Kwangu hakuna nafasi ya watu wawili."

Mzee Bukuru alitazama magurudumu ya ubao wake, akasema taratibu, "Miaka thelathini na mbili huyu mwanamke ananipikia uji. Huko mtanipa uji wa nani?"

Nikafungua daftari langu, nikawaambia wasiwe na hofu, halmashauri itapanua mlango na kurekebisha nyumba. Hapo Yeremia akasema maneno ambayo, nawaambieni ukweli, ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

"Ingekuwa ni Bwana Zabroni anatengeneza nisingekuwa na wasiwasi. Alimtengenezea mama mkwe wangu pale Nyakitonto. Mpaka leo anamwombea kila Jumapili."

Nilihisi joto likipanda kutoka kwenye kandambili. Kuanzia saa ile sikuwa tena ninamtengenezea Mzee Bukuru nyumba. Nilikuwa ninamtengenezea Zabroni, aje aione.

Nilipima mlango mara saba. Niliupanua hadi ubao ukapita na nafasi ya kuku pembeni. Kizingiti nilikivunja chote. Mahali pake nikamwaga sementi kutoka uani mpaka ndani, mteremko laini kama shavu la mtoto, ubao ukiachiwa unateremka wenyewe mpaka katikati ya nyumba. Nilichagua mabati yenye nafuu katika yale ya tembo, nikaezeka. Kuta nikazipaka chokaa zikaonekana kutoka barabarani, na zingeonekana kutoka Burundi kama kusingekuwa na vilima. Melkiori alipokuwa anasawazisha sementi aliinua kichwa akautazama uwanja ulivyoinama kuelekea mlangoni.

"Leonsi, umemuuliza mama?"

"Nimeshaongea na Mzee, na mdogo wake yupo."

"Sawa," akasema. Yeye alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Na kwa nini nimuulize mama? Mimi sikuwahi kuvuka mlango wa nyumba ya mtu. Niliona ndiyo adabu: mgeni mwanaume anakaa uani na wanaume wenzake, chumbani ni kwa wenyewe. Nilikagua nje, nikaandika, nikashukuru, nikaondoka. Nyumba zote nilizozifanya miaka ile nilizifanya hivyo.

Maofisa wa wilaya zote mbili walikuja kuiona. Walipiga makofi. Mwenyekiti hakuvua miwani. Mzee Bukuru aliteremka na ubao wake mbele ya wageni, watu wakashangilia, Yeremia akanishika mkono. Nikamtafuta Zabroni nione uso wake, na hakuwepo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameinama, uso karibu kabisa na ukuta, Mama Modesta amesimama kando yake.

Nilijificha nyuma ya mgomba. Nikasema, leo nimemwona!

Wageni walipoanza kupanda gari akaja kwangu, akanivuta pembeni. "Ndugu Leonsi, kazi nzuri. Lakini kile kizingiti kirudishe kabla ya mvua. Mlango mwingine mpasulie kule nyuma."

"Umeonja?" nikamuuliza.

"Nimeonja nini?"

"Haya, fanya siri."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akapanda gari. Mimi nikajua kilichompata. Wivu. Nani asiyejua wivu unavyomfanya mtu aone kasoro palipo na uzuri? Nilimhurumia njia nzima. Kizingiti sikukigusa.

Mvua ya kwanza mwaka ule haikuanza kwa kudondoka, ilimwagwa. Uwanja wote wa Mzee Bukuru ulikuwa umeinama kuelekea mlangoni, na kwa miaka yote kile kizingiti ndicho kilichokuwa kinayarudisha maji. Sasa yalikuta njia ya sementi, laini, imetengenezwa kwa vipimo. Yakaingia kama yamealikwa. Na Mzee Bukuru, kumbe, hakulala kitandani. Asingeweza kukipanda. Alilala kwenye mkeka sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni, kwa kuwa mlango wa chumbani nao ulikuwa mwembamba kuliko ubao wake. Maji yalimkuta hapo. Mama Modesta alimvuta kwa kwapa mpaka jikoni, akamkalisha juu ya mafiga. Siku ya tatu kifua kikamshika, wakampeleka hospitali kwa machela. Kutoka hospitali Yeremia hakumrudisha Kitahana. Alimpeleka Nyakitonto.

Mama Modesta alikuja ofisini kwa miguu. Nilimwona kupitia dirishani nikatamani niwe tarishi tena. Hakupiga kelele.

"Bwana Nyumba, zamani nilikuwa na nyumba mbaya na mume. Sasa nina nyumba nzuri."

Bosi wangu alisikia kutoka meza yake. Hakunigombeza, alichukua kalamu akaandikia Kasulu kuwaomba wamwazime Zabroni kwa wiki moja. Mimi ndiye niliyepewa barua niipeleke. Kilomita zote zile, kwenye baiskeli isiyo na breki, nikiwa nimebeba mfukoni ombi la kwamba adui yangu aje anisahihishe.

Alikuja bila tepu, bila timazi. Kazi ilimchukua siku tatu, yeye, mimi na Melkiori. Tulirudisha kizingiti mbele kama kilivyokuwa. Nyuma, upande ambao ardhi inashuka kuondoka kwenye nyumba, tukapasua mlango mpana, unaotazama choo moja kwa moja, na mteremko wake ukashuka kwenda nje. Mlango wa chumbani tukaupanua. Ndani Zabroni akajenga kwa udongo na mawe kitanda kifupi, kimo kilekile cha ubao, ili Mzee ajisogeze tu kutoka kimoja kwenda kingine. Hakuongea sana. Nilimkodolea macho siku zote tatu. Kila alipousogelea ukuta nilisimama. Hakutoa ulimi. Nikasema, ananiogopa mimi, atakuwa amelamba nilipokwenda kuteka maji.

Mama Modesta akamtumia Yeremia ujumbe aje atazame. Alikuja mvua ikinyesha, amenuna. Alisimama sebuleni akiangalia chini kama kuna tone. Hapakuwa na tone. Kisha, mtu mzima yule, akakaa kwenye ubao wa akiba wa kaka yake, akajisukuma kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma, kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, akarudi amelowa mabega. Alikwama mara moja tu, na hapo ni koti lake lililonasa.

"Shemeji," akasema akiwa bado amekaa chini, "tandika. Jumamosi namleta."

Alimleta. Niliwakuta wiki iliyofuata: Mzee Bukuru amekaa kwenye mlango wa nyuma anachonga mzinga, Mama Modesta anakoroga uji. Nilikuwa nimekuja rasmi, na daftari, lakini sikuja kwa ajili ya daftari. Nilingoja Mzee ajisukume kwenda chooni, mwenyewe, bila mtu. Kisha nikamsogelea mama.

"Mama, nisaidie jambo moja, sitamwambia mtu. Zabroni alilamba ukuta upande gani?"

"Alilamba nini?"

"Ukuta. Siku ile ya wageni. Nilimwona ameinama pale nyuma."

Mwiko ulimtoka mkononi. Alicheka mpaka akashika nguzo, akacheka mpaka Mzee akauliza kutoka chooni kuna nini. "Mawe, mama yangu!" akasema akijifuta macho. "Kwa hiyo Kumsenga ilikuwa hivyo? Sisi tulijua una minyoo."

"Mama, mimi nakuuliza kweli."

Aliuokota mwiko, akaupangusa kwenye kanga, akanitazama, na sasa hakuwa anacheka.

"Oya, hapana, Bwana Nyumba. Hakulamba kitu. Aliinama pale nyuma kutazama maji yanaelekea wapi. Halafu aliniuliza mvua ikinyesha Mzee analala wapi, nikamwingiza ndani nikamwonyesha."